Nilivyoifuata Kalamu hadi Napoli

Wengi wanaofika Italia kwa mara ya kwanza huanzia kwenye makanisa makubwa ya Roma, na wana haki. Mimi Roma nilipita tu. Nilishuka kwenye ndege asubuhi, nikapanda treni ya mwendo kasi, na baada ya saa moja na ushei nilikuwa nimesimama nje ya stesheni kuu ya Napoli, begi mgongoni, nikiuliza njia kwa Kiitaliano cha kuokoteza. Sikuwa nimefuata chakula wala bahari. Nilifuata nomino moja ya Kilatini: calamus.

Neno hilo nililikuta seminarini, tulipokuwa tukikariri Kilatini kwa sauti darasa zima. Padre aliyetufundisha alituambia kwamba calamus si mzaliwa wa Kilatini. Ni la Kigiriki, kalamos, na maana yake ya kwanza ni tete, lile linaloota kwenye maji. Kisha akatugeuzia macho akauliza kama kuna asiyelijua neno hilo tayari. Sote tulikuwa tumelishika mkononi. Tangu siku ile nilikuwa na hamu ya kufika mahali ambapo Mgiriki na Mlatini walikutana hadi mmoja akachukua neno la mwenzake, na mahali hapo, kama kuna mahali pamoja pa kutaja, ni ghuba ya Napoli.

Jina la mji lenyewe ni Kigiriki: Neapolis, mji mpya. Wagiriki kutoka kisiwa cha Euboea walifika pande hizi katika karne ya 8 KK. Walianzia kwenye kisiwa walichokiita Pithekoussai, ambacho leo ni Ischia, kisha wakavuka na kujenga Cuma ng'ambo ya pili. Walikuja na mvinyo na vyungu, lakini walikuja pia na herufi. Waetruria walizichukua herufi zile kutoka kwa Wagiriki wa Italia, Warumi wakazipata kupitia kwa Waetruria, na baada ya safari ndefu zikatufikia sisi. Hizi ninazoandikia sasa, a na b na k, ukoo wake ni huo.

Kesho yake niliingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, jengo kubwa la rangi nyekundu iliyofifia, ambamo vimehifadhiwa vitu vingi vilivyofukuliwa Pompeii na Herculaneum, miji iliyozikwa na mlima Vesuvius mwaka 79 BK. Mbele ya picha moja ya ukutani watu walikuwa wamesongamana, nami nikangoja zamu yangu. Inamwonyesha mtu na mkewe, na wataalamu wanamwita mume Terentius Neo. Mume ameshika gombo la mafunjo. Mke ameshika vibao vya nta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amekiegemeza kidevuni kijiti chembamba chenye ncha, macho yake yakitutazama sisi tulio nje ya picha. Kijiti kile si kalamu niliyoifuata. Ni stilus, chombo cha kuchora kwenye nta. Ncha moja huandika na upande wa pili, ulio bapa, hufuta.

Kalamu yenyewe niliikuta kwenye vipande vidogo vya picha, vile ambavyo wageni hupita bila kusimama. Mchoraji amepanga vifaa vya mwandishi: kidau cha wino, gombo lililokunjuka kidogo, vibao vya nta, na juu ya kidau limelazwa tete lililochongwa ncha. Nilisogea hadi pua yangu ikakaribia kioo. Tete lile lina rangi ya kahawia, na mchoraji hakusahau kuipaka ncha rangi nyeusi, maana ilikuwa imetoka winoni. Karibu miaka elfu mbili, na wino bado uko nchani.

Mbele ya picha zile mbili nilielewa jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipitia haraka. Stilus ni neno la Kilatini kabisa, lakini baadaye waandishi walianza kuliandika kwa herufi y, stylus, wakidhani ni la Kigiriki. Calamus ni la Kigiriki, lakini limevaa Kilatini kutoka kichwani hadi miguuni, wala hakuna Mrumi aliyehangaika kulikumbusha asili yake. Nani mwenyeji na nani mgeni, huwezi kujua kwa kutazama sura.

Hebu tuitazame sarufi yake, maana ndipo penye utamu. Kigiriki kilikuwa na kundi la nomino zinazoishia -os, na Kilatini kilikuwa na kundi lake la nomino zinazoishia -us, ambalo vitabu huliita kundi la pili. Makundi haya mawili ni ndugu wa asili moja. Kwa hiyo kalamos ilipobisha hodi haikulala nje. Ilipewa -us ikawa calamus, nomino ya kiume kama ilivyokuwa kwa Wagiriki. Kuanzia hapo inabadilika mwisho kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Kalamu ikiwa ndiyo inayotenda au kusimuliwa, ni calamus. Ikitendwa, ni calamum: calamum acuo, nachonga kalamu. Kitu kikiwa cha kalamu, ni calami. Ukiiita, calame, ewe kalamu. Na ukiitumia kama chombo, ni calamo, bila kihusishi chochote. Sisi tunasema naandika kwa kalamu, na hiyo "kwa" ndiyo inayobeba kazi yote. Mrumi aliitia "kwa" yake ndani ya mwisho wa neno, akasema calamo scribo, akamaliza. Kigiriki hakikuwa na hali hii; kazi ya chombo kilikuwa kimeitia ndani ya hali ile ile ya mpokeaji. Maana yake neno lilipohama lilipewa hata hali ambayo kwao halikuwa nayo.

Si kila neno la Kigiriki lilipokewa kwa upole hivi. Poeta, mshairi, na nauta, baharia, yalikuwa na mwisho wa -tes kwa Kigiriki. Kilatini kikayatupa kwenye kundi la kwanza, lenye nomino nyingi za kike, ingawa yenyewe ni ya kiume. Mpaka leo yanamsumbua mwanafunzi. Na yako mengine, hasa majina ya watu na maneno ya washairi, yaliyoachiwa miisho yake ya Kigiriki, kama mgeni aliyekaribishwa ndani lakini hakuvua viatu. Calamus alivua viatu mlangoni.

Je, tunajuaje basi kwamba ni mgeni? Kwanza, Kilatini kina neno lake la kuzaliwa la bua la nafaka au nyasi: culmus. Culmus na kalamos ni watoto wa babu mmoja wa kale sana, babu yule yule aliyezaa neno Halm la Wajerumani. Kama calamus ingerithiwa kutoka kwa babu huyo moja kwa moja, ingefanana na culmus. Pili, na hii ndiyo hoja ninayoipenda zaidi, kuna irabu ya katikati. Kilatini cha zamani kilikuwa na desturi ya kuidhoofisha a fupi iliyoko katikati ya neno. Kutoka kwa Wagiriki wa lahaja ya Kidoria kilichukua makhana, kifaa, kikasema machina. Ndiyo hiyo mashine yetu. Kikachukua kamara, paa la duara, kikasema camera, ndiyo kamera. Desturi ile ilikoma. Calamus imebaki na a zake mbili bila kuguswa, cala-, ishara kwamba ilipanda meli baada ya desturi kwisha. Neno halina hati ya kusafiria, lakini irabu yake inatwambia lilifika wengine wakiwa wameshatangulia.

Alasiri niliketi kwenye ua wa makumbusho nikaisoma barua ambayo Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alimwandikia mdogo wake Quintus mwaka 54 KK. Quintus alikuwa amelalamika kwamba barua iliyotangulia ilisomeka kwa shida. Cicero anamwahidi kwamba safari hii atatumia kalamu nzuri, wino uliochanganywa sawasawa na karatasi ya mafunjo iliyolainishwa. Kisha anaeleza sababu ya mwandiko ule mbaya: kalamu yoyote ikimjia mkononi, yeye huitumia kana kwamba ni nzuri. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mshairi Persius, aliyefariki mwaka 62 BK, alimchora kijana mvivu anayekwepa masomo kwa kulalamika kwamba wino umeganda kwenye kalamu yake, na ukitiwa maji unachuruzika. Ukimweka Persius kando ya Cicero unaona kwamba neno hili halikuwa la wasomi wa kujionyesha. Lilikuwa la mezani, la kila siku, la kulaumiwa kazi inapoharibika.

Maktaba ya Taifa ya Napoli, iliyomo katika Kasri la Kifalme karibu na bahari, ndiyo yenye magombo ya Herculaneum. Ni takribani 1,800 ukihesabu na vipande, mengi ya Kigiriki, yaliyoungua yakawa kama makaa, yakafukuliwa kati ya 1752 na 1754. Sikukaa sana. Ila jambo moja lazima nilitaje. Mwaka 2023 vijana wa kompyuta walifanikiwa kusoma neno ndani ya gombo ambalo halijafunguliwa, kwa kutumia picha za miale na akili bandia, na neno la kwanza kutangazwa lilikuwa la Kigiriki lenye maana ya zambarau, porphyra katika umbo lake la kamusi. Warumi walikuwa wamelichukua neno hilo zamani za kale wakaliita purpura. Tazama ile ph ilivyogeuka p: Kilatini cha mwanzo hakikuwa na sauti ile, na wala hakikujaribu kuiga. Karne za baadaye, Mrumi aliyesoma Ugiriki aliandika philosophia kwa ph yake kamili. Ukitazama tahajia unaweza kujua neno lilikuja wakati wa wavuvi au wakati wa maprofesa.

Mtaani Pignasecca, soko lililo karibu na stesheni ya Montesanto, nilimkuta mwuza samaki akisafisha ngisi. Kwa Kiitaliano ngisi ni calamaro. Nilimwomba anionyeshe ndani. Akamkata kichwa, akatia kidole, akavuta kitu kirefu chembamba, kinachopitisha mwanga, chenye umbo la unyoya, akakilaza kwenye kiganja changu. Kilikuwa baridi na laini, na kilijikunja bila kuvunjika. Kisha akabonyeza kifuko kidogo, wino mweusi ukamwagika kwenye barafu. Kilatini kilikuwa na calamarium, kibweta cha kuwekea kalamu, na kutoka hapo watu wa baadaye wakamwita mnyama huyu kwa jina la kibweta, kwa kuwa amebeba kalamu na wino wake tumboni. Wavuvi wetu wa Bagamoyo na Lamu huzitupa kalamu hizo kila siku wanapoandaa ngisi.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya Cumana hapo Montesanto. Ni treni ya abiria wa kawaida, kina mama na mifuko yao na wanafunzi waliosimama mlangoni, inayopita Pozzuoli kandokando ya bahari. Nilishuka Fusaro nikamalizia kwa gari hadi Cuma. Upande wa kusini wa hapo kuna rasi ya Misenum, ilipokuwa bandari ya jeshi la majini la Roma. Kamanda wa meli zile alikuwa Plinius Mkubwa, mtu aliyeandika maelezo ya dunia nzima katika vitabu 37. Katika kitabu cha 16 ameyaeleza matete moja baada ya jingine: ya kuezekea, ya mishale, ya filimbi, ya kuvulia samaki, na ya kuandikia. Kwa kazi ya kuandika anasifu matete ya Misri, lakini anayaweka mbele zaidi yale ya Knidos na yale ya ziwa moja la Asia. Mlima ulipolipuka alizipeleka meli zake kwenda kuokoa watu, akafia Stabiae, ng'ambo ya ghuba hii hii. Siwezi kumsoma bila kukumbuka kwamba mtu aliyejali tofauti ya tete na tete alikufa akijali watu.

Kilimani Cuma hapana umati. Kuna misingi ya mahekalu mawili ambayo baadaye yaligeuzwa makanisa, na chini yake pango refu lililochongwa kwenye mwamba, mita 131, ambalo mwanaakiolojia Amedeo Maiuri alilifungua mwaka 1932 akisema ndilo pango la Sibyl, mwaguzi ambaye mshairi Vergilius anasimulia kwamba aliandika utabiri wake kwenye majani ya miti. Wataalamu wengi wa leo wanaona ni njia ya ulinzi wa ngome. Nililipita lote, mwanga ukiingia ubavuni kupitia matundu marefu, kisha nikateremka. Nilichokitaka kilikuwa chini, kando ya njia: matete. Yamesimama marefu kuliko mtu, pingili juu ya pingili, majani yakikwaruzana kwa upepo wa baharini. Nilishika moja nikalipima kwa vidole. Unene wake ni wa kidole cha mwisho, ndani uwazi, nje ngozi ngumu inayoteleza. Wagiriki waliposhuka ufukweni hapa walikuta kalamu zimeota.

Namna linavyochongwa nilionyeshwa na mzee mmoja wa duka la vifaa vya wasanii, mjini Napoli, karibu na chuo cha sanaa. Nilipomwambia nataka calamo, alitoa tete kavu na kisu kifupi chenye makali ya kutisha. Alikata mshazari mrefu wa kwanza, ukaliacha tete wazi kama kijiko. Akakwangua nyama laini ya ndani hadi ikabaki ngozi tu. Akapunguza mabega pande zote mbili mpaka ncha ikawa nyembamba. Kisha akaweka makali katikati ya ncha na kusukuma kidogo sana. Ukasikika mlio mwembamba, na tayari mpasuo ulikuwapo. Mwisho aliilaza ncha juu ya kipande cha mfupa akaikata kwa pigo moja, mshazari. Bila ule mpasuo wino haushuki, alisema, na bila mkato wa mwisho herufi hazina nene wala nyembamba. Isidore wa Sevilla, askofu wa karne ya 7, aliiona ncha ya kalamu iliyopasuka sehemu mbili akasema ni mfano wa Agano la Kale na Agano Jipya. Pia alijaribu kueleza neno calamus limetoka wapi, akalifunga kwenye kitenzi cha mabaharia cha kushusha, kwa kuwa kalamu hushusha wino. Asili hiyo si ya kweli, lakini inaonyesha jinsi neno lilivyokuwa limezama: mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake alitafuta mizizi yake katika Kilatini.

Nilichukua ile kalamu nikaandika jina langu, kwanza kwa herufi za Kirumi, kisha kwa zile za Kiarabu nilizofundishwa na jirani zetu utotoni. Mzee akacheka kwa furaha, akasema hii ya pili ndiyo kalamu inaipenda. Ana hoja. Tete hilo hilo lilikuwa limekwenda upande mwingine. Waarabu walilipokea neno kutoka kwa ulimwengu wa Kigiriki, wakaliita qalam, na kufikia karne ya 7 lilikuwa limeshakaa kiasi cha kuipa jina sura ya 68 ya Kurani. Nao waliliweka chini ya sarufi yao: wakaliona lina mzizi wa q, l na m, wakaliundia wingi wa kuvunjwa, aqlam, kana kwamba lilizaliwa jangwani. Mwandishi wa hati Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940 mjini Baghdad, alipima kila herufi kwa nukta zinazotoka kwenye ncha ya kalamu.

Kwetu pwani lilifika na dini, na elimu, na biashara. Tulilipa irabu ya mwisho, tukaliweka ngeli moja na nyumba na nguo: kalamu hii, kalamu hizi. Kwa kalamu hiyo iliandikwa Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, ambaye ni Heraclius, mfalme wa Roma ya Mashariki aliyetawala kwa Kigiriki. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mnamo mwaka 1858, alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Na kalamu haikuja peke yake. Wagiriki walikuwa na neno jingine la tete, kanna, walilolipata kutoka lugha za Mashariki, na wataalamu wengi wanaona ndilo lililozaa kanon, fimbo iliyonyooka ya kupimia. Kilatini kilisema canon, Kiarabu qanun, nasi tunasema kanuni.

Ndiyo maana nasikitika ninapomsikia mtu akisema Kiswahili si lugha kamili kwa kuwa kimekopa. Kilatini kilitawala dola, mahakama na kanisa, na hakikuona haya kuandika kwa neno la Kigiriki. Hata Kiarabu, ambacho watu hudhani ndicho mwanzo wa kila neno letu la elimu, kilikuwa kimelikopa hili kabla yetu. Kukopa si upungufu. Upungufu ni neno lisilopata ngeli, lisiloweza kupatanishwa na kitenzi, linalobaki limesimama mlangoni. Na kalamu haikusimama mlangoni popote ilipokwenda.

Kwa hiyo nina ombi kwa watunga kamusi wetu, na kwa walimu wa Kiswahili. Mkifika kwenye kalamu, kanuni, askofu na mengine ya namna hiyo, msiishie kuandika kwamba yametoka Kiarabu. Andikeni na pale Kiarabu kilipoyapata. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuelewa kwamba kitu alichoshika mkononi kilianza kuwa tete la Kigiriki, likachongwa na Mrumi, likaitwa qalam na Mwarabu, na sasa ni mali yake. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza.